Nyuki ndani ya gitaa langu

Nacheka mwenyewe kabla hamjanicheka. Wiki nzima, nikijifunza wimbo mgumu wa harusi ya Mkoani, gitaa langu la umeme lilivuma kama lina nyuki ndani. Kila jioni nikashika kifunguo, nikapandisha nyuzi zisiguse shingo. Zikapanda hadi vidole vikachubuka, na nyuki hakuhama. Nikalaumu unyevu wa bahari, nikalaumu na mahasidi.

Mwisho nikaenda Jadida kwa Bi Salma, mpiga udi wetu wa miaka mingi.

"Hizi nyuzi umezipandisha uanikie nguo?"

Akazishusha kidogo kidogo, kafumba macho, akisikiliza. Sikio lile, ningepewa nusu yake tu ningeshukuru! Akapiga mwenyewe: sauti safi kama maji ya kisima. Nikapiga mimi: nyuki huyo!

Niliona haya kumwambia kashindwa. Yeye akanitia mdomoni kipande kikubwa cha halua. Nikasema moyoni, ukarimu wa Kipemba huo.

"Usimeze. Piga."

Nikapiga wimbo mzima. Nyuki hayupo.

"Gitaa ni zima, mwanangu," akasema taratibu. "Anayevuma kwa meno ni wewe."