Ekseli ya Kumpeleka Yudith Uyole

Jailos alikuwa fundi wa magari mjini Iringa, mtu mkimya, mikono yake ikinuka grisi hata siku ya kanisa. Alipofungua mashine hakutegemea kichwa, alitegemea gunia. Kila chuma kilichotoka alikilaza juu ya gunia hilo kwa mpangilio, ili akifunga aanzie mwisho wa mstari, na mkewe Yudith aliketi kando akichambua maharage, akifukuza kuku wasivuruge mstari.

Mwaka wa 1956 Yudith aliugua, akalala, asiweze tena kuketi. Daktari alisema maneno machache. Mwenyewe alikuwa na ombi moja tu.

"Nipeleke kwa mama, Uyole, kule Mbeya. Nimwone macho yangu yangali yanaona."

Basi la abiria halikumfaa mtu wa kulala. Likabaki gari la Jailos, kuukuu la kabla ya vita, lenye kiti kipana nyuma, ila ekseli yake ya nyuma ilikuwa imekatika. Jailos akampelekea mama mkwe salamu: tunakuja.

Mafinga alipata ekseli ya pikapu iliyopinduka. Ilikuwa pana mno. Akaikata, akaichomelea upya, akafupisha vyuma vya ndani, akafungua na difu, lile bufuru la meno katikati ya ekseli, aisafishe. Mvua ikamwagika ghafla. Akalikokota gunia hadi upenuni, akaendelea kufunga, asijue kwamba limegeuka, mwisho umekuwa mwanzo. Wa kumwambia alikuwa ndani, anakohoa.

Siku ya kujaribu, majirani walijaa. Jailos akatia gia ya kwanza. Gari likarudi nyuma, likabomoa banda la kuku la jirani yake, Bibie, mjane wa mfanyabiashara wa Pwani.

"Ewe fundi!" Bibie akapiga kelele. "Mbeya iko kule mbele! Huku ni kwa kuku wangu!"

Akatia ya pili. Likarudi kwa kasi zaidi. Watu walicheka hadi wakashika mbavu, na ndani, kitandani kando ya dirisha, Yudith naye akacheka kile kicheko chake cha zamani.

"Jailos," aliita, "gunia limegeuka, ee?"

"Limegeuka, mke wangu."

"Basi fungua tena. Nakusubiri."

Gurudumu kubwa la meno ndani ya difu lilikuwa limekaa upande usio wake, likizungusha magurudumu kinyume, na kulitoa kulitaka ekseli nzima ishushwe. Bado ilikuwa chini, tupu, vyuma vimelala mstari, Yudith alipoacha kusubiri. Wakamzika Iringa, kwa kuwa hapakuwa na gari la kumfikisha kwao.

Jailos alimaliza kazi baada ya matanga. Gari lilikwenda mbele, laini kama maji mferejini. Habari ile ya msiba hakutaka kumtuma mtu aipeleke Uyole, akaibeba mwenyewe, peke yake, njia nzima ya vumbi.

Uyole, mama yake Yudith alisikia mngurumo, akatoka mbio na blanketi mkononi. Hakumsalimu mkwe. Alipita moja kwa moja hadi mlango wa nyuma wa gari, akaufungua.