Paipu Niliyoiziba kwa Gunzi

Nakumbuka asubuhi moja ya Julai, ukungu umekalia kijiji chetu cha Wamagana tangu juzi, nami niko juu ya ngazi na gunzi la hindi mkononi, nikijiona mwerevu kuliko fundi. Mwanangu, kwa kuwa unajenga, na umeniambia unataka maji ya moto hata kabla ya kupaka rangi, keti nikueleze habari ya gunzi hilo.

Nyumba yangu ilikuwa ya kwanza upande wetu kuwekwa busta ya kuni. Unaijua: mtungi wa chuma nje ya jikoni, moto unawashwa chini yake, maji yanaingia bafuni kwa paipu yakiwa yamechemka. Fundi Gathogo alitoka Karatina kuja kuniwekea. Tulipatana bei siku mbili. Mimi hata fungu la sukuma wiki sinunui kabla ya kuhesabu majani, basi niliipitia orodha yake mara mbili. Elbo nane, zile kona za kuunganisha paipu, nikazifanya saba. Mchanga toroli nne nikazifanya tatu. Nikafika kwenye paipu moja inayotoka juu ya mtungi, inapanda mpaka inalipita tangi la maji baridi, kisha inajikunja na kutazama chini. Nikamuuliza inapeleka maji wapi.

"Haipeleki mahali," akasema.

"Sasa mbona nilipie paipu isiyoenda mahali?"

"Hiyo ni pua ya mtungi. Maji ikichemka sana, mvuke inatokea hapo. Punguza kitu ingine yoyote, hata chakula yangu ya mchana. Hiyo, hapana."

Nikampunguzia chakula cha mchana. Paipu ikabaki.

Kwenye paipu ya maji baridi aliweka valvu ya kuzuia maji ya moto yasirudi kwenye tangi. Kwa hivyo mifereji ya ndani ikifungwa, mvuke ulikuwa na mlango mmoja tu: ile pua.

Wiki chache baadaye nikaona pua inatema. Moto ukikolea, maji yanaruka na kumwagika juu ya mabati. Maji yangu, yaliyochemshwa kwa kuni zangu, yanaosha paa. Ningemwita Gathogo, lakini safari hii angetaka kula. Na siku hiyo mama mkwe alikuwa anakuja kulala kwetu kwa mara ya kwanza, nami nilitaka aoge maji mengi, akirudi kwake aseme binti yake ameolewa mahali pa maana. Basi nikachukua gunzi, nikalizungushia blada, ule mpira wa ndani ya tairi, nikaligongea ndani ya paipu kwa nyundo mpaka likakaza. Dukani kulikuwa na kifuniko cha chuma cha kukaza kwa spana. Lakini gunzi ni la bure.

Mama mkwe akafika saa nne. Mke wangu alikuwa amekwenda dukani na mtoto mgongoni, kwa hivyo kumpokea kukawa kazi yangu. Kwetu mama mkwe humshiki mkono, humwamrishi, wala humharakishi. Akauona moto, akavuta kigoda akaketi kando ya busta, magoti yake yakitazama makaa. Nikaongeza kuni tatu, kisha nyingine tatu, ili aone kuwa hapa kuni hazipimwi.

Baada ya muda akasema, "Baba Nyambura, hii mtungi yako inakoroma."

"Ni kazi inafanya, mama."

Mkoromo ukageuka kugonga. Paipu ukutani zikaanza kutetemeka. Nikaenda nyuma ya nyumba nikampigia Gathogo simu.

"Pua inatoa mvuke?" akauliza.

Nikaanza kumweleza jinsi maji yangu yalivyokuwa yakipotea juu ya mabati.

"Bosi, ati umeziba?"

"Kidogo."

"Hakuna kuziba kidogo. Nani yuko karibu na hiyo mtungi?"

"Mama mkwe."

Nilimsikia akivuta pumzi. "Mtoe hapo saa hii. Usiguse moto, usimwage maji baridi, usipande ngazi. Mkae mbali mpaka moto izime. Mimi nakuja."

Nikarudi. "Mama, karibu ndani, chai iko tayari."

"Niletee hapa."

"Njoo basi uone ng'ombe."

"Ng'ombe nimeona miaka yangu yote."

"Upande ule jua litatoka."

"Jua? Julai?"

Nimebishana bei na akina mama wa soko la Karatina mpaka wakanifukuza, lakini huyu hakushuka hata kidogo. Mtungi ukagonga tena. Nikaona sina kingine cha kuweka mezani ila ukweli, nao ulikuwa unaniondolea heshima yote niliyoitafuta siku hiyo.

"Mama, niliziba paipu ya mvuke ili nisipoteze maji. Hii mtungi inaweza kupasuka. Inuka twende."

Aliinuka bila kuokota leso yake. Tulipita sukuma wiki, tukafika kwenye nyasi za nepia za ng'ombe, ndipo tukasikia mlio. Gunzi lilichomoka, nikaja kuliokota kesho yake kwenye kabeji za jirani. Nyuma yake ukaja mvuke na maji yanayochemka, yakateremka juu ya mabati, yakamwagika moja kwa moja juu ya kigoda. Kigoda kilifuka mvuke. Mama mkwe alikitazama kwa muda mrefu, kisha akanitazama mimi.

Gathogo alifika mchana. Akakagua paipu, akaiona blada imening'inia. "Shukuru uliziba na gunzi," akaniambia. "Ungenunua kifuniko ya chuma, tungekuwa tunaokota vipande mpaka mtoni."

"Kwa hivyo ni ubahili wake umeniokoa?" mama mkwe akauliza.

"Ubahili ndio ulikuketisha hapo, mama. Halafu ukakuokoa."

Akairefusha paipu kiasi cha mkono mmoja, akanionya nisijaze kuni kama anayechoma matofali, na pua ikaacha kutema. Chakula cha mchana mama mkwe alikipika mwenyewe. Alimpakulia fundi mara mbili, huku macho yake yako kwangu.

Basi, mwanangu, patana bei. Punguza elbo, punguza mchanga, hata siku za kazi. Ila pua ya mtungi usiiguse, na paipu ikitema, iinue au upunguze kuni, usiizibe. Kabla ya kuwasha, panda uone tangi lina maji, maana mifereji yetu hukauka bila kutuaga. Mtungi ukikoroma, ondoa watu kwanza. Aibu utaishughulikia baadaye. Na fundi mpe chakula, ili siku ya kumwita usisite.

Nenda ujenge. Mungu akupe maji ya moto na watu wa kuyaoga, na kila utakayemkaribisha kwako ainuke kwenye kigoda chake mwenyewe, kwa wakati wake, akiwa ameshiba.