Besi Tulipoombwa Kukosea

Leo mwalimu wa kwaya ametuomba besi tukosee. Narudia: ametuomba!

Jamani, bado nasisimka.

Nyumbani hapakuwa na mtu, ikabidi niende mazoezini na mdogo wangu, Tumaini. Ni msichana mkubwa tu, ila kelele zinamuumiza. Nimeshajaribu kumwekea nyimbo zote "tulivu" za kwenye simu. Zinaanza vizuri, halafu ngoma inaingia ghafla, anaziba masikio na kukimbilia chumbani.

Nikamkalisha benchi la nyuma, mikono masikioni.

Mwalimu akazima kinanda, akaanza kufundisha sauti moja moja. Tukafika besi.

Wanaotujua besi wa kwaya ya Kihesa wanajua: hatushiki! Mstari mmoja tumerudia mara kumi na kitu, na kila mara tunateleza palepale, noti ya mwisho. Soprano wanacheka.

Nikageuka. Tumaini ameshusha mikono! Anayumba taratibu, na tukilikaribia lile kosa anatabasamu kabla hatujalifikia.

Hatimaye tukapatia. Safi kabisa.

Noti aliyokuwa anaisubiri haikuja. Akaziba masikio, akainuka atoke.

Kanisa zima likageuka kumtazama.

Mwalimu, yule mkali mnayemjua, akasema kwa sauti ya chini: "Besi, rudisheni kosa lenu."

Tukakosea kwa moyo wote. Tumaini akakaa.

Safari hii soprano hawakucheka. Walikosea pamoja nasi.

Besi wenzangu, mko wapi? Miaka tisa kwenye kwaya, leo ndiyo nimejua Mungu alituumba kwa ajili ya nini.