Nguzo Iliyofunikwa Blanketi

Nimehama mara nyingi tangu niondoke Molo, na kila ninapofungua mizigo mahali papya natafuta blanketi fulani la kijivu, ingawa najua lilichakaa zamani.

Miaka ya hamsini nilikuwa karani wa maziwa katika shamba la mzungu mmoja huko Molo, nami nikiwa kijana aliyekaa sekondari miaka miwili na kudhani imemtosha. Mke wangu alikuwa na mimba ya kwanza. Mamake, mkunga kutoka Subukia, alikuja kumtazama akafikia kwa jirani, maana kwetu mama mkwe na mume wa binti yake hawatazamani usoni. Alimpapasa binti yake tumbo, kisha akapaza sauti ili nisikie nikiwa nje ya ukuta.

"Huyu ameketi kama mzee wa baraza. Kichwa kiko huku juu mbavuni. Mwambie mwenye nyumba akupeleke Nakuru kabla uchungu haujaanza."

Alijaribu kumgeuza mtoto kwa mafuta na viganja, taratibu. Mtoto alipokataa, hakumlazimisha. Mimi nami kila siku nilisema, "Tutapanda lori la kesho." Kulikuwa na hesabu ya mitungi, kulikuwa na matope. Asubuhi moja lori la maziwa lilikuwa limeshashuka na wanawake wote wako shambani wakichuma maua ya pareto, chupa ya uzazi ya mke wangu ikapasuka.

Mama mkwe aliingia kwa mlango, mimi nikatoka kwa dirisha. Ndivyo adabu ilivyotaka. Sijamaliza kufunga vifungo vya koti nikasikia:

"Mwanangu, nyumba hii haina mtu wa kukushika mgongo?"

"Yuko nje, mama."

"Huyo si mtu, huyo ni mkwe. Haya. Niletewe nguzo basi. Nguzo haina macho."

Nilirudi kwa dirisha lile lile, kinyumenyume. Nikakaa kitandani nyuma ya mke wangu, nikampitishia mikono chini ya makwapa, na kabla sijageuza uso blanketi la kijivu likanifunika kichwa. Yote yaliyofuata niliyajua kwa masikio, na kwa uzito wa mke wangu kifuani pangu.

"Matako yametoka," mama mkwe alisema. "Mvulana. Sukuma uchungu ukija, mwanangu, si kabla."

Miguu ikatoka. Kisha kimya, kirefu mno. Mke wangu alitetemeka kama ndama aliyenyeshewa. Nilisahau adabu yote.

"Mama, mbona humvuti?"

"Tangu lini nguzo ikasema? Ukimvuta atainua mikono, na kichwa kitakwama. Mwache aning'inie, ashuke kwa uzito wake. Nguzo, usitikisike!"

Sikutikisika. Nilikuwa kijana wa kujiamini, lakini siku ile niliyemwamini ni yule mama, aliyekuwa ameketi mbele ya mtoto wangu bila kumvuta. Nikasikia akisema mkono mmoja, halafu wa pili. "Naona kisogo," akasema. Nikahisi akisogea; baadaye mke wangu aliniambia alikuwa akimwinua mtoto kwa miguu kuelekea tumbo la mamake, polepole kama mtu anayefungua kitabu. Mke wangu alinibana vidole hadi vikafa ganzi.

Kichwa kilitoka. Sikusikia kilio. Nilisikia kitambaa kikisugua mgongo mdogo, kikisugua, kikisugua, halafu pumzi ya mama mkwe akimpulizia usoni. Ndipo mtoto akalia kwa hasira, kama mtu aliyeamshwa kabla hajashiba usingizi.

Nililia pia, mle mle ndani ya blanketi.

Siku mama mkwe aliporudi Subukia, alisimama nje ya ukuta nami niko ndani. "Mwanangu," akamwambia mke wangu, "nguzo yako ni imara. Lakini iambie safari nyingine ipande lori la leo."

Mtoto wa pili alitanguliza kichwa, bila matata yoyote, huko Nakuru. Tulikuwa tumekaa mjini wiki tatu nzima tukimngoja.