Hodi Kwenye Husuni

Safari ya shule ya binti yangu na safari yetu ya Kilwa ziliangukia likizo ileile. Wenzake walikuwa wanakwenda Uskoti kutazama ngome za kale. Mimi nilitaka aende kwa bibi yake, mama yangu, ambaye moyo wake ulikuwa umechoka na daktari alishatuambia tusichelewe.

"Baba, iko castle moja ina ngazi ndani ya ukuta," aliniambia garini, tukiwa tumekwama kwenye barabara ya mtaa wa Jacobs, huku ugenini tunakoishi, nyuma ya malori ya bandarini. "Sasa Kilwa iko nini?"

Damu ilinichemka. Kilwa iko nini! Sisi tuliocheza kombolela ndani ya Husuni Kubwa, jumba la sultani lililojengwa enzi hizohizo za ngome zake! Ila nilijua nikimlazimisha ataenda amenuna, na mama ataona. Nikampigia mama, nikaweka spika, nikitegemea atambana kwa niaba yangu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu." Pumzi ilimkatika katikati ya maneno, nikashika usukani kwa nguvu. "Nasikia unakwenda kuona husuni za Wazungu. Mkifika mlangoni, mnapiga hodi?"

Binti akacheka. "Eish, bibi, hodi kwa nani? Wenyewe walikufa zamani."

"Na wa huku walikufa. Muulize baba yako."

Kweli. Mama hakuturuhusu hata siku moja kuvuka kizingiti cha lile gofu bila hodi, hata tukiwa tunamkimbiza mbuzi aliyetoroka. Tulisimama juani, tukabisha mbele ya kuta zisizo na paa, tukangoja kidogo, ndipo tukaingia. Wageni wenye kamera walitucheka, nami niliwachukia kwa hilo.

"Basi nenda, mjukuu wangu," mama alisema, bila hasira hata chembe. "Ukija huku baadaye, na kwangu piga hodi hivyohivyo. Ngoja kidogo, halafu uingie."

Akakata simu.

Robot, yaani taa ya barabarani, ikawa kijani. Malori yakasogea, wa nyuma wakaanza kunipigia honi, na mguu wangu umegoma. Niliogopa hata kumtazama mtoto.

"Mpigie tena, baba," alisema. "Mwambie nakuja likizo hii. Nataka nikipiga hodi aniitikie mwenyewe."