Lango la Kifaransa la Mjomba Ramzanali

"Mimi, wivu sijapata kuuonja," Mjomba Ramzanali alitangaza kwenye kipaza sauti, harusini kwa binamu yangu Rida, mbele ya ukumbi mzima. Shemeji yake, Mohamedtaki, alikaa meza ya mbele na suti mpya. Mjomba aliitazama suti ile zaidi kuliko alivyomtazama bwana harusi.

Mjomba aliuza mazulia, na nyumba yake ya North York, huku kwenye theluji nyingi, ilikuwa pacha: nusu yake, nusu ya jirani. Hakuwa na ugomvi nayo mpaka Mohamedtaki aliporudi kutoka Paris na picha. Binti wa Mohamedtaki, Bilkis, alikuwa amepanga huko, ndani ya jumba la kale lililojengwa na mtoza kodi wa mfalme. Ukiwa barabarani huoni kitu ila ukuta na lango zito la mbao. Ukipita, ua wa mawe, mpana kiasi cha gari la farasi kugeuka. Mabawa ya nyumba kulia na kushoto. Jumba lenyewe limekaa nyuma, na uso wake mzuri limeugeuzia bustani, wapita njia wasiambulie. Mapinduzi yalipokuja wenyewe wakakimbia, likawa karakana ya vifungo, kisha likakatwakatwa vyumba vya kupangisha.

Naseem, mke wa Mjomba, aliishika picha ya lango muda mrefu. "Hii ndiyo nyumba, kaka," akamwambia Mohamedtaki. Miaka yote ya ndoa, ya mumewe hajapata kuiambia hata "si mbaya."

"Ni lango tu hilo," Mjomba akasema.

"Basi weka na wewe."

Kesho yake nikaitwa. "Haider, wewe si umesomea majengo?"

"Nusu, Mjomba. Diploma niliiacha."

"Nusu inatosha. Na nyumba yenyewe nusu."

Nikamwambia malango ya kule hufunguka kwa ndani, maana nje ni barabara. Nikamwambia pia kuwa theluji ya Paris si hii yetu. La kwanza alilisikia.

Ukuta ukapanda, ua ukatandikwa mawe, lango likapakwa kijani kama la pichani. Ramadhani ya Januari 1999 akaalika watu futari, waje walione. Theluji ikaanguka tangu alfajiri, ikajaa uani mpaka kiunoni. Mjomba akachimba kinjia hadi ukutani, lakini lango, kwa kuwa lilifungukia ndani, lilitaka ua mzima.

"Shemeji," Mohamedtaki akaita kutoka barabarani, wageni nyuma yake, "lango tumeliona. Zuri sana. Sasa tufuturu wapi?"

Mjomba akaendelea na koleo lake. Naseem akapeleka kiti, akapanda, akawapitishia sambusa juu ya ukuta. Wakaenda kumalizia futari kwa Mohamedtaki, Richmond Hill.

"La Bilkis lina bawabu," Naseem akamwambia mumewe aliposhuka. "Lako lina mimi."

Machi, Mohamedtaki akaja na pikapu, akalinunua lango. Sasa limesimama mbele ya nyumba yake, linafunguka kwa nje. Kila tukienda, Naseem hushuka kwanza kulitazama. "Hii ndiyo nyumba, kaka." Mjomba hubaki garini akitafuta glavu alizozivaa.

Alimuuzia kwa dola themanini.