Everlyn na Mageti Mawili ya Upper Hill

Everlyn Ajwang' alitembea macho yakiwa juu, kwenye vile visanduku vyeupe vya mtandao usio na waya vinavyofungwa darini. Wengi pale Upper Hill, Nairobi, tuliwahi kugongana naye. Mwaka wa 2008 tulikuwa mafundi wawili kwenye kampuni ya bima yenye majengo mawili jirani. Mimi nilikuwa nimeajiriwa. Yeye alikuwa kwa majaribio, na nilimwonea huruma, maana alipewa kazi iliyokuwa imenishinda.

Simu za ofisi zilitumia mtandao huo. Ukitoka jengo la kwanza ukiongea, mtandao wa jengo la pili ulianza kukuuliza upya wewe ni nani, na kabla haujaridhika, simu ilishakatika. Bosi wetu, Bwana Mbugua, alimwambia Everlyn atapima mwenyewe Ijumaa. Ikikatika, hana kazi.

"Si tutoe tu hayo maswali?" nikamshauri Everlyn.

"Ndiyo mwizi pia aingie?" akanifokea, akaenda getini kupiga stori na askari.

Nilikasirika. Siku tatu zimebaki, mtu anapiga stori! Kumbe alikuwa akitazama. Nzomo, askari wa geti la jengo la kwanza, alimkagua mgeni, akampa kadi, kisha akasema kwa redio: "Zedekiah, mama wa kadi kumi na nne anakuja. Nimeshamcheki." Kwenye geti la jengo la pili Zedekiah alitazama namba tu, akafungua.

Everlyn alirudi mbio. Akapanga mtandao wa jengo la kwanza uwe unauarifu ule wa pili mapema kuhusu kila simu inayokuja, na kuipa ufunguo wa siri wa safari hiyo moja tu.

Ijumaa Bwana Mbugua alitoka jengo la kwanza kwa mlango wa nyuma, bila kupita kwa Nzomo, akiongea na mkewe kwa simu ya ofisi, nasi nyuma yake. Everlyn alinibana mkono mpaka ukauma. Simu ikahamia jengo la pili bila kupoteza hata neno.

Getini, Zedekiah akanyoosha mkono. "Kadi, bosi?"

"Si unanijua!"

"Nakujua. Lakini Nzomo hajaniambia kitu, na uliandika mwenyewe hakuna kuingia bila kadi."

Nilicheka hadi machozi. Bwana Mbugua akamwambia mkewe, "Simu imeingia, mimi nimefungiwa nje." Kisha akamgeukia Everlyn: "Kimbia umwite Nzomo. Barua yako ya kazi iko huko ndani, na siwezi kuitia sahihi nikiwa hapa."

Sijawahi kumwona Everlyn akikimbia vile, tena akitazama mbele.